Miche ya Pilipili ya Shemeji Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu. Hujambo, hajambo mkeo, na ule mgongo wako unasemaje? Mimi mzima kama chuma. Nakula, nalala, naamka. Watu wanakuja kuniangalia kama nimelia. Sijalia. Wakichoka wanakwenda zao.

Uliomba mbegu za pilipili za shemeji yako. Marehemu hakuacha hata mbegu moja kavu. Zote alizipanda kwenye vikopo humu chumbani, chini ya zile taa zake za kukuzia miche, wiki ile aliyolazwa. Miche hii ikifa, pilipili yake imekwisha.

Basi nikaitunza mimi. Taa zina kitufe cha kuzungusha, yeye alikiacha nusu. Nikakipeleka mpaka mwisho. Taa nzima, kwa nini iwake nusu? Na nani wa kunifundisha umeme, mimi niliyechomelea mageti ya mji huu mpaka viganja vikaota sugu?

Miche ikanywea. Majani yakajikunja, yakapauka kama yamemwagiwa chokaa. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Migongo ya taa ikawa haishikiki kwa moto.

Binti yangu mkubwa akaja, akagusa, akarudisha mkono upesi. Akasema taa ukizikamua hivyo umeme mwingi unaishia kuwa joto tu, miche inaungua na taa zenyewe hazidumu. Nikamwambia mama yake alikuwa mwoga wa umeme. Akanitazama.

"Baba, bati jembamba unalichomelea kwa moto wa geti?"

Nikakishika kile kitufe, mdogo wangu. Bati ukilipa moto wa geti linatoboka, hilo hata asiyeona analijua.

Nimepunguza. Si nusu, nimepita nusu kidogo, maana nyumba hii bado ina mwenyewe. Mingi imekufa. Mitatu imesimama, na mmoja umetoa jani jipya. Nimelitazama sana nikingoja moyo useme kitu. Haukusema. Nikamwagilia, nikatoka.

Msalimie mkeo na yule mkwe wako mrefu, dereva. Binti anawasalimu, anasema niandike herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu. Macho yangu mazima.

Mungu awafunike huko mliko. Ikizaa, mbegu za kwanza ni zako. Isipozaa, usiniulize.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nisiposema.