Mguu wa Tatu wa Plagi

Baba,

Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine: nimeikata. Ile plagi ya darubini uliyotukataza hata kuigusa, nimeikata kwa plaizi lako mwenyewe, na sijutii. Kasirika ukitaka.

Tangu tukuzike hapa Mbulumbulu, Baba Mdogo hajatulia. Matanga hayajaisha, yeye keshampata mtu wa hoteli kule ukingoni mwa kreta anayetaka darubini iwe pambo la mapokezi. "Alimradi ibaki kama yule Mzungu alivyoiacha," akasema Baba Mdogo, "msikate kitu." Pambo! Umwendeshee mtafiti gari porini miaka yote ile, akuachie darubini yake, halafu watalii waitundikie kofia! Nikamwambia haitoki hapa mpaka nyota yenye mkia ipite. Akacheka: "Na umande huu utaona nini, we binti?"

Hapo alinipata. Si unakumbuka ulivyohangaika? Ukiitoa nje alfajiri, umande unafunika kioo hata hujakaa vizuri. Unafuta kwa shuka, unafunika tena. Na mkanda wa kupasha kioo joto tulikuwa nao, miaka sita umelala sandukuni, kisa plagi yake ya kigeni ya miguu mitatu haiingii kwenye soketi yoyote, si ya Karatu, si ya Arusha. Mimi fundi wa betri, uliyenifundisha wewe, nikikuomba niifungue unanijibu: "Mguu wa tatu una siri yake, Paskalina. Kitu cha watu hakikatwi. Tutapata soketi yake." Ukaandika barua kuiulizia. Ukangoja. Ukafa unangoja, na nyota uliyosimuliwa na babu yako imebakiza wiki chache tu ifike.

Juzi nikasema liwalo na liwe. Nikakata, nikaipasua plagi. Waya mbili, Baba. Mbili tu! Mguu wa tatu ulikuwa mtupu, haukuungwa na chochote, hata uzi mmoja wa shaba. Nililia kwa hasira pale gereji mpaka wenzangu wakadhani nimepigwa shoti. Miaka sita tumekiogopa kipande cha chuma!

Mkandani pameandikwa volti kumi na mbili. Nikauunga na betri ya trekta, fyuzi katikati kama ulivyonizoesha, wala sikuhangaika waya upi uende wapi, maana waya wa joto hauchagui chanya wala hasi. Ukapata joto taratibu, kama paji la mtoto mwenye homa.

Alfajiri ya leo umande ulilowesha kila kitu, mpaka kiti chako. Kioo kikabaki kikavu. Na nyota ikatokea, Baba, upande wa Manyara, na mkia wake wote! Mama aliitazama akataja jina lako. Baba Mdogo alikuja kushuhudia nikiaibika. Akainama, akang'ang'ania pale mpaka nikamwambia awapishe wengine. Ya hoteli hajayataja tena.

Lakini nilitaka uwe wewe. Nimekukasirikia, nasema wazi. Miaka sita ungekaa na Zohali na pete zake mpaka kupambazuke, badala ya kufuta kioo. Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukiifuta ile darubini, polepole, huku unaiomba radhi, na hasira inaniishia nabaki na machozi.

Kesho tunajengea kaburi lako. Plagi nitaizamisha kwenye saruji mbichi, upande wa kichwani, miguu yote mitatu ikitazama juu. Endelea kutafuta soketi yake huko, una muda sasa.

Pumzika, Baba. Darubini haitoki nyumbani, hilo nakuahidi. Na mwanangu akija kuniuliza ndani ya kitu mna nini, sitamwambia angoje. Nitampa plaizi lako.

Binti yako mkaidi,
Paskalina