Wamemalizana na Gervas

Kasulu, Jumamosi, Novemba 2014

Mvua tangu alfajiri, na mimi sina hamu ya chochote. Madaftari ya wanafunzi yako mezani, sijayagusa.

Jirani yangu Gervas ana kibanda cha studio. Anapiga video za harusi na kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Juzi walimjia wanaume wawili wa kampuni moja ya Dar inayosambaza muziki. Waliwasha kompyuta yake, wakakuta nyimbo, wakamwambia yeye ni mwizi wa kazi za wasanii. Alipe kufikia Jumamosi wamalizane, la sivyo kesi Kigoma.

Akaja kuniita. Mimi mwalimu wa uraia, akadhani nitajua la kusema.

Niliwauliza wimbo gani kati ya zile ni wa kampuni yao. Nyingine ni za kwaya ya kijijini kwao Gervas, Munanila, alizirekodi mwenyewe.

Yule mkubwa alinijibu kwa upole kabisa. "Mwalimu, hilo litajulikana mahakamani. Sisi hapa tunamsaidia asifike huko."

Niliaga, nikaondoka.

Niseme ukweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wao. Kaka yangu Hamisi anaimba. Nyimbo zake zinapigwa kila kona, naye kule Tanga anaishi kwa kupaka rangi nyumba za watu. Nilipokuwa nampita Gervas na foleni yake ya wateja, mara nyingi nilimuwaza Hamisi.

Basi jana nikampigia. Nilipoitaja kampuni, akasema hata yeye alisaini nao. Hajawahi kuona senti.

Nikamwomba aandike hayo, Gervas apate cha kushika. Akakataa.

"Dada, albamu yangu mpya iko kwao. Nikifungua mdomo hawaitoi."

Sikumlaumu. Ningemlaumuje?

Nilirudi kumshauri Gervas asilipe, asubiri aitwe mahakamani, wao wathibitishe nyimbo ni zao. Mkewe, Anastazia, ndiye aliyenijibu, mtoto mgongoni. Aliuliza nauli ya kwenda Kigoma kila kesi inapoahirishwa ataitoa nani, na siku hizo kibanda kitafunguliwa na nani. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Leo Gervas ameuza kamera, akalipa. Kuna harusi Kitanga wiki ijayo aliyokwisha kuahidi kuipiga. Sijui atawaambia nini wale watu. Wanaume wa kampuni walimpa mkono, wakapanda gari, wakaenda zao Kibondo. Huko nako wapo wenye vibanda kama chake.

Hakuna aliyemwonyesha wimbo hata mmoja.

Jioni alikuja akasimama mlangoni kwangu, ameloa, hataki kuingia.

"Mwalimu," akasema, "kwa kulipa, nimekubali kwamba mimi ni mwizi?"

Nilimwambia hapana. Nikaona hajaniamini, na mimi mwenyewe nilikuwa najaribu tu kumfariji. Akaaga, akaenda kufunga kibanda.

Nimemwandikia Hamisi ujumbe kwamba jirani amelipa. Nimeufuta kabla ya kuutuma. Angefanya nini nao? Na mimi, niliyezungumza na kila mmoja wao, nimemsaidia nani?