Filta Niliyoikaza kwa Mkono Usiohisi

Gereji ya Mukhisa,
S.L.P. 2217,
Kitale.

14 Mei 2025

Mpendwa dada Dinah,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, na shemeji Hillary hajambo? Huko Doha najua joto limeanza kuwachoma. Huku mvua imekuja vizuri, mahindi ya shamba letu la Ndalu yamefika magotini, na Mama kule Kabuchai anatembea na fimbo yake bila kushikwa. Kila Jumapili anauliza habari zako, na nikimwambia hujambo ananiuliza tena kama nimesema kweli.

Barua hii nampa Sumeya, maana likizo yake imeisha na anarudi huko Ijumaa. Utashangaa kwa nini mtu aandike kwa karatasi na simu ipo. Kwa simu siwezi. Nikisikia sauti yako nitasema tena yale niliyosema Krismasi, ati nimepona. Sijapona, dada. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, lakini mkono wa kulia haujarudi tangu kile kiharusi cha Oktoba. Unainuka, unashika kikombe, ila vidole havihisi kitu. Naandika kwa kushoto, na leo ni siku ya tatu. Ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Kuna mteja wangu wa miaka mingi anaitwa Kimutai, anabeba maziwa kwa pikapu. Huzunguka Ndalu asubuhi akikusanya ya akina mama, hata ya ng'ombe wetu, kisha anayaleta hapa mjini. Mwezi uliopita aliniletea gari nibadilishe oili. Hiyo ni kazi ndogo: unamwaga oili, unatoa filta ya zamani inayochuja oili, unafunga mpya. Nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote.

Filta ikakataa kutoka. Nilianza kwa mkono na kitambaa kikavu. Nikawasha injini dakika chache, maana ikipata joto kidogo ule mpira wa filta huachia. Nikaizungushia msasa, upande unaokwaruza ukiwa ndani, mkono usiteleze. Nikachukua mkanda wa feni uliochakaa, nikauzungusha kwenye filta na kipande cha bomba cha kushikia, nikavuta. Wapi. Nikaleta spana ya mnyororo, ile inayoikamata filta kiunoni, nayo filta ikabonyea tu kama mkebe. Kimutai alikuwa amesimama hapo akiangalia saa. Kwa hasira nikasema, "Aliyefunga hii hakufunzwa kazi. Filta hukazwa kwa mkono, si kwa spana."

Kimutai akakumbuka kwamba mwezi wa tatu breki zake zilitengenezwa na Huzaifa, yule fundi wa karibu na msikiti. Akasema lazima ndiye aliyeichezea filta. Mimi sikusema ndiyo wala la.

Basi nikafanya lile la mwisho, ambalo mimi mwenyewe huwakataza wengine. Nilipigilia bisibisi ndefu ikapenya filta upande hadi upande, nikaizungusha kama mpini. Bati likachanika. Ganda likabaki mkononi mwangu, na kile kisahani cha juu chenye nyuzi za skrubu kikabaki kimeng'ang'ania injini. Nikashika tindo kwa kulia na nyundo kwa kushoto, nikawa nagonga ukingo wa kisahani kukirudisha kinyume. Pigo la tatu, vidole vikaachia bila kuniambia. Tindo ikaruka, ikamega ule uso ambao mpira wa filta huukalia. Bila uso huo oili huvuja yote, kwa hiyo gari halikuweza kuondoka.

Kimutai alienda kutafuta gari la kuazima, asipate. Nikabaki na lile ganda, nikalifuta matope. Unajua mimi huandika tarehe kwa rangi nyeupe kwenye kila filta ninayofunga. Tarehe ilikuwepo, kumi na nane Januari. Mwandiko umepinda, wa mkono wa kushoto. Ni wangu.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile nilikaza kwa mkono, lakini mkono haukuniambia kama filta imekaa. Niliogopa itavuja njiani. Nikachukua spana ya mnyororo nikaongeza, nikaongeza tena. Kama niliupaka mpira oili kabla ya kufunga, hata sikumbuki.

Sitakuficha. Lile ganda nililifunga kwa gazeti nikalitupa ndani ya pipa la vyuma chakavu. Nikarudi nyumbani, nikala ugali, nikanyamaza.

Kesho yake hakuna gari lililopita Ndalu. Akina mama walikaa na madebe yao kando ya barabara mpaka jua likawa kali, kisha wakarudi nayo. Baadaye nilisikia Kimutai ameenda kwa Huzaifa akamtukana mbele ya wateja, kwamba ameharibu injini ya mtu. Wateja wawili waliondoa magari yao hapo hapo. Na mimi nikaendelea kunyamaza.

Huzaifa alikuja mwenyewe baada ya swala ya adhuhuri. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee Mukhisa, mimi niligusa breki peke yake. Kimutai ana hasira, simlaumu. Nimekuja kwako kwa sababu wewe utanionyesha kama kuna mahali nilikosea."

Dada, mtu huyo ana watoto wanne na jina lake ndilo duka lake. Nilienda kwenye pipa nikatoa lile gazeti, nikampa. Akasoma tarehe. Hakunitazama usoni, alitazama mkono. Akasema pole, akanirudishia ganda, akaniambia, "Ni wewe umwambie. Mimi siwezi."

Jioni ile nilimwambia Kimutai pale pale kwa Huzaifa, mbele ya wale waliosikia matusi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Si ungeniambia mkono haufanyi? Ningekukazia mimi." Kisha akamgeukia Huzaifa, akamwomba msamaha.

Nilimpigia Chepngeno, yule msichana aliyejifunza kazi kwangu miaka saba. Sasa ni fundi kamili, ana gereji yake Bungoma. Alikuja siku ya pili. Hakugusa tindo. Aliingiza bolti mbili ndani ya matundu ya kile kisahani, akapitisha chuma katikati yake, akasukuma polepole bila pupa. Kikatoka kabla chai yake haijapoa. Ile sehemu ya injini niliyoimega akaibadilisha na nyingine aliyotoa kwenye injini iliyokufa. Alipofunga filta mpya alipaka mpira oili kwa kidole, akakaza kwa kiganja, akasikiliza, akaacha. Nilisimama nikiutazama mkono wake na wivu ambao si wa mtu wa umri wangu.

Pikapu sasa inaenda kwa Huzaifa, na wateja wengine wameifuata. Ni haki yao. Chepngeno amenisihi niende Bungoma niwe nakaa kwenye gereji yake namwelekeza, ati macho na masikio yangu bado ni mazima. Sijamjibu. Sijui fundi asiyeshika spana huketi upande gani wa gereji.

Lakini lililonifanya niandike si hilo. Mke wangu Nabwile anajua habari ya filta, mji wote unajua. Ambalo sikumwambia ni kwamba magari yameisha. Kila asubuhi navaa ovaroli, nakuja hapa, nafungua lango, nakaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Wiki ya tatu hii, hakuna gari hata moja lililoingia. Jioni kabla ya kuondoka naingiza mikono yote miwili ndani ya karai la oili chafu, hadi kwenye vifundo, ili mke wangu aone nimefanya kazi. Yeye hunitengea maji ya moto, na ule wa kulia huusugua mwenyewe, maana mimi sihisi kama umetakata.

Jana alikuwa akiusugua hivyo, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza magari yalikuwa mangapi. Nikasema mawili. Akaendelea kusugua. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema, "Kesho usijipake mingi hivi. Sabuni imebaki kidogo."

Hakuniachia mkono mpaka maji yakapoa. Na asubuhi ya leo nilikuta ovaroli imefuliwa na kukunjwa juu ya kiti, nikaivaa, nikaja. Sijui jioni nitarudi na mikono gani.

Usitume kitu, dada. Na usimpigie Nabwile simu kumuuliza, ataona aibu kwa niaba yangu. Nilitaka tu awepo mtu mmoja wa damu yangu anayejua hali yangu ilivyo hasa, si ile ya kwenye simu. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili.

Mama anakusalimu, na baba mdogo Wabwile wa Lugulu pia, anasema umemsahau. Nabwile angekusalimu kama angejua naandika. Mfikishie shemeji Hillary salamu zangu, lakini haya mengine mfiche kwanza.

Mungu awatunze huko ugenini, awape afya, na mikono yenu aiache na nguvu zake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mukhisa