Sauti ya Mama Kwenye Duka la Tolleson

Fosseng, Minnesota
9 Februari

Mpendwa Dada Thora,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote huko Sitka. Goti lako linaendeleaje? Na Leif, kile kifua kimemwachia? Sisi huku tunapumua, ila Baba masikio yanambambuka ngozi kwa baridi. Daktari anasema hayatakatwa, Mungu asifiwe. Nakuandikia nikueleze yalivyotokea, maana hapa kanisani sina wa kumwambia.

Unaikumbuka ile picha ya Mama kwenye chupa za jemu ya Fosseng, aliyopigwa alipokuwa bado anafanya kazi kiwandani. Miaka yote tuliizoea tu. Basi mwaka jana kiwanda kilinunuliwa na watu wa Chicago, na mwezi wa tisa wakamtuma bwana mmoja, Prentiss, mpole kweli, hata viatu alivua mlangoni bila kuambiwa.

Akanieleza makampuni makubwa yanavyojijengea jina. Ile soda ya kopo jekundu, maandishi ni yaleyale tangu enzi za babu zetu. Ile mikahawa ya hambaga, alama ni ileile, mpaka mtoto asiyejua kusoma anaitambua akiwa ndani ya gari. Rangi moja, neno moja, sura moja, kila siku, hadi mtu anaiona kama ndugu yake.

“Watu hawanunui jemu, Bi Karna,” akasema. “Wananunua mtu wa kuwakaribisha nyumbani. Na nyinyi mnaye tayari.”

Alichotaka ni sauti. Aliomba zile kaseti Mama alizosomea Zaburi, tulizokuwa tukiwapelekea wagonjwa wasioweza kufika ibadani. Nikakataa. Akaomba tena, nikakataa. Akaomba mara ya tatu, nawe unatujua: hata kahawa tunaikataa mara mbili, ya tatu tunapokea. Mdomo ukasema haya kabla moyo haujafika. Nikatia sahihi, majaribio ya miezi mitatu, duka la Tolleson peke yake.

Wakamweka Mama wa kadibodi, kimo chake hasa, karibu na majokofu ya maziwa. Ukipita anasema, “Karibu, mpenzi. Onja kidogo, nimekupikia mwenyewe.” Dada, Mama hakuwahi kusema maneno hayo maishani. Mashine iliyachonga kutoka kwenye Zaburi. Lakini ile pumzi ndogo anayovuta kabla ya kusema “karibu” ni yake. Siku ya kwanza niliacha kikapu palepale nikatoka nje. Hata nyumbani, nikiosha vyombo, nilikuwa naisikia ile pumzi nyuma ya shingo yangu. Chupa za kabatini nimezigeuza zitazame ukuta.

Jemu iliuzwa kuliko wakati wowote. Wenzangu wa kwaya wakaniambia ni baraka.

Baba unajua akili yake ilivyo tangu apate kiharusi. Akaanza kwenda dukani kila siku. Dwight, yule wa kaunta, alikuwa akimtania, “Leo umechelewa, Orrin, mkeo kakununia.” Hata mimi nilicheka. Mungu anisamehe. Baba alipoanza kuniuliza kwa nini Mama harudi nyumbani, nilimjibu kwamba ana kazi nyingi. Uongo huo niliusema miezi miwili.

Mwezi uliopita, siku ya baridi kali kuliko zote, Baba alimkuta yule Mama wa kadibodi amesimama kwenye ubaridi wa majokofu na gauni la mikono mifupi. Akavua koti na kofia, akamvika. Kisha akaanza kurudi nyumbani kwa miguu na shati tupu. Mpeleka barua ndiye aliyemwona amekaa kwenye theluji kando ya barabara.

Wiki hiyohiyo karatasi nyingine ikaja: maduka ya nchi nzima, na televisheni. Nikampigia Bwana Prentiss simu, nikamwambia sitii sahihi, na kile kibao cha Mama pale Tolleson wakiondoe. Alisikitika kwa kweli.

“Lakini baba yako anamfurahia,” akasema.

“Ndiyo sababu,” nikamwambia.

Walikiondoa Jumatatu. Jumanne Baba akaomba viatu vyake aende dukani. Nikamkalisha, nikamshika mikono, nikamwambia Mama alifariki, huu mwaka wa sita. Alilia kama siku ile makaburini. Jumatano alikuwa amesahau, akaomba viatu, nikamwambia upya, akalia upya. Ndivyo tunavyoamka sasa, Dada. Kila asubuhi namzika.

Leo alipotulia aliniuliza Mama yuko wapi. Nikasema yuko kwa Bwana.

“Huko wanamwacha akae?”

“Anakaa, Baba.”

“Afadhali,” akasema, akavuta bakuli lake la uji. “Pale dukani walimsimamisha kutwa nzima.”

Nisalimie Leif, na Mama Mdogo Borghild, na pacha wa Anders. Tuombee. Bwana aulinde mlango wako na mlango wangu, na wote wanaolala nyuma yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,
Karna