Sauti ya Baba Mkwe

Jumamosi, Tukuyu. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Naandika kabla sijalala.

Mimi nina kigugumizi. Nilipokuwa mdogo, kwetu Mlandege, Iringa, nilikuwa natumwa chumvi dukani narudi na sukari, kwa sababu "chumvi" imegoma kutoka mdomoni. Nilichapwa kwa uzembe. Afadhali fimbo kuliko kuchekwa.

Nilipoolewa na Mnyakyusa, mashoga zangu walinihurumia kwa mila yao: mkamwana hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye. Mimi nilishangilia kimoyomoyo. Mtu mmoja wa kumwogopa kapungua! Kila tukija huku likizo, mzee hukohoa kwanza akitaka kupita, nami natoweka. Kikohozi tu ndicho nilichokijua. Ukweni wananisifu, ati Mhehe huyu ana adabu.

Adabu gani! Woga mtupu.

Sasa mwanangu Sekela, wa miaka minne, ameanza kukwama kama mimi. Leo asubuhi mama mkwe hakuzunguka: "Sisi kwetu ugonjwa huu hatuna. Ameutoa huko huko Iringa." Mume wangu alikuwepo. Akajifanya anatafuta chaja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mchana nilikuwa jikoni na mama mkwe, namenya ndizi. Nyuma ya ukuta wa mianzi, Sekela alikuwa barazani na babu yake, anamwomba kitu, neno limemkwama. Nikajikaza kusubiri akemewe.

"U-u-usikimbie, m-m-mjukuu wangu. Ba-babu yu-yupo. Ha-ha-haendi po-popote."

Kisu kilinidondoka.

Nilidhani anamwigiza mtoto. Hapana. Aliendelea kumsimulia habari za ng'ombe wake, na kila sentensi ilipanda mlima ule ule ninaoupanda mimi. Watu husema mzee huyu ni mkimya, mwenye busara. Kumbe! Nikamgeukia mama mkwe. Akazidi kukoroga mboga, macho kwenye sufuria. Ameishi na sauti ile ujana na uzee wake. Mume wangu amelelewa nayo. Wote walijua, wakaniacha nibebe lawama peke yangu.

Hasira ilinipanda. Mara mzee akakohoa, anataka kupita.

Sikutoweka. Nilipiga magoti pale pale, uso nimeuelekeza ukutani nisimtazame, nikamsalimia kwa lugha yake na kumwita baba: "Nda-nda-ndaga, tata."

Mwiko ukasimama sufuriani. Nyayo nazo zikasimama.

"N-n-ndaga, mwa-mwa-mwanangu."

Akapita zake. Nami nililia hadi mboga zikaungua.

Kesho tunarudi Iringa. Njia ni ndefu, na nina swali moja kwa mume wangu: kwa nini alinyamaza? Najua nitakwama tangu neno la kwanza.

Atasubiri mpaka nimalize.