Harrison Alikuwa Babu Yangu, Basi

Jumamosi, Carrollton, huku Marekani. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu. Mimi pia nimeamka na wangu.

Jumatatu nina mahojiano ya uraia. Kwenye fomu yao kuna mahali wanakuuliza kama ungependa kubadili jina. Miezi kadhaa iliyopita nilijaza ndiyo, nikaandika Masumbuko. Nilikuwa nimechoka kuitwa Harrison.

Kwa asiyejua, mimi ni Rehema Elias Harrison. Kwetu Urambo, Tabora, hilo halina utata: Rehema binti Elias, Elias mwana wa Harrison. Harrison ni babu, basi. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo mpaka nilipotua huku, jina la mwisho kwenye pasipoti likageuzwa la ukoo. Sasa nikiwa kwa daktari wa meno anaitwa mtu aliyefariki kabla sijazaliwa, ninainuka mimi.

Ningevumilia kama watu wangeniacha. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakouguza, kuna babu mmoja wa Kizungu ananiita binamu kwa sababu mama yake alikuwa Harrison. Anacheka mwenyewe. Naye mwenzangu wa zamu, Mmarekani mweusi, ambaye kwao majina ya Kizungu mengi yalitoka kwa mabwana waliowamiliki, aliniuliza kwa upole kabisa wazee wetu walikuwa watumwa wa Harrison gani. Nikajifanya naitwa na mgonjwa, nikaondoka.

Nikaingia mtandaoni kusoma. Harrison ni mwana wa Harry, na Harry ni Henry alivyotamkwa na watu wa kawaida. Kumbe zamani Waingereza nao walifanya kama sisi, mtoto anabeba jina la baba yake, mjukuu anabeba jingine. Kisha wakaacha kubadilisha, na jina la Harry mmoja wa kule kwao likawaganda vitukuu wasiomjua.

Nilivyosoma hivyo nikazidi kuudhika. Nimebeba baba wa watu.

Na kaka yangu Godi, anayeishi mji wa Katy, ndiyo kabisa. Wiki iliyopita niliendesha gari mwendo wa zaidi ya saa nne kwenda kumweleza mpango wangu, nikakuta katundika sebuleni ngao ya mbao aliyoagiza mtandaoni, simba wawili na jina Harrison kwa rangi ya dhahabu. Eti nembo ya ukoo. Ukoo upi, Godi, sisi wa Urambo?

"Rehema, uta-change leseni, benki, kila kitu?" akaniuliza. "Sisi tubaki akina Harrison, wewe uwe nani?"

Nikamwambia ashushe kwanza simba zake. Tuliagana vibaya.

Jina Masumbuko nililipata kwa shangazi, msibani, mwaka ule nilioondoka. Lilimponyoka tu, kwamba ndilo babu aliloitwa kabla ya kubatizwa. Nikaling'ang'ania miaka yote hii. Baba sikumwuliza. Nilitaka iwe zawadi, siku moja nimpigie nimwambie nimelirudisha jina la baba yake. Nakiri nilikuwa nimeshajiandalia hata machozi yake.

Leo asubuhi nimempigia. Shikamoo, marahaba, habari za huko, joto. Kisha nikamwambia.

Nikamsikia akizima redio.

"Mama, nani kakwambia jina hilo?"

Hakuwa amefurahi. Nikamsikia akivuta kiti. Akanieleza taratibu, kama mtu anayefungua kitu ambacho hakupanga kukifungua, kwamba babu alizaliwa baada ya watoto wanne waliokufa, ndiyo maana akaitwa Masumbuko. Kila alipoitwa, mama yake aliwakumbuka wale wanne. Alipofika kwenye darasa la ubatizo, mwalimu wa dini akamtajia Yohana, Petro, Samweli. Akakataa yote. Kila jina alilotajiwa, kuna mtoto aliyezikwa nalo pale kijijini. Harrison alilisikia kwa mafundi wa reli, la Mzungu fulani ambaye hata hakumwona. Mwalimu akamwambia hilo halina maana. Babu akajibu kwamba hilo hakuna mtu aliyewahi kulililia.

"Hakupewa," baba akasema. "Alilitafuta. Wewe unataka kumrudishia lile alilolikimbia. Lakini umekua, andika utakalo."

Tangu hapo niko jikoni nimekasirika, na sijui namkasirikia nani. Nilitaka kuwe na mkosaji. Nilitaka mkoloni fulani na daftari lake, nimnyang'anye jina la babu, nirudi kifua mbele. Badala yake nimekuta kijana mmoja wa Urambo aliyejua anachotaka kuliko mimi. Na Godi mjinga kapatia kwa bahati, hilo ndilo linanikera zaidi. Simba zake bado ni upuuzi.

Babu wa Kizungu ataendelea kuniita binamu. Mwenzangu wa zamu nitamjibu, safari hii ninalo la kusema, ingawa litachukua chakula cha mchana kizima.

Jumatatu afisa akiniuliza kama bado nataka kubadili jina, nitamwambia afute ombi langu, nibaki Harrison. Simwambii kwa furaha. Nimefikiria tu siku ile ya kula kiapo cha uraia, mtu amesimama kwenye kipaza sauti anasoma majina yetu mbele ya watu, anafika kwangu, anaita Masumbuko. Na mimi, mjukuu wa mtu aliyelikimbia, naitika.