Kuku Weusi Wasioatamia

Wifi Mele,

Natumaini baridi ya huko Oklandi imepungua. Wale kuku weusi uliotununulia wanataga kila siku, ila hawaatamii. Mayai yao tunamwekea kuku wetu wa kienyeji.

Jana mama mkwe aliwatazama, akaniambia, “Umefanana nao, mwanangu. Unazaa leo, kesho uko ofisini. Mpe Mele mtoto, yeye ana muda wa kuatamia.” Mume wangu akacheka. “Shangazi akitaka mtoto, visiwa hivi vya Tonga nani wa kumnyima?”

Ni kweli, siwezi kukunyima. Nguo za Lopeti wangu nimeshazifua kwa safari ya Jumamosi ya kuja kwako. Naandika nikiwa kazini, wasione. Wewe peke yako ndiye unayeweza kusema humtaki. Nakuomba useme.

Mke wa kaka yako,
Ana